Mawe Yaliyo Chini ya Maji

Somo: Yoshua 4:1–24



Habari ya mawe ya mto Yordani twaijua tangu darasa la katekisimo. Waisraeli walipokwisha kuvuka, Yoshua aliwaamuru watu 12, mmoja wa kila kabila, wachukue kila mtu jiwe begani kutoka pale walipokuwa wamesimama makuhani, na mawe hayo yakasimamishwa Gilgali. Sababu yake yaelezwa wazi. Siku moja watoto watauliza habari za mawe haya, na wazazi wao watakuwa na neno la kuwajibu. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi tulizoea kuwapa wanachuo wetu habari hii kama somo la kwanza la kufundisha historia: mwekee mtoto kitu cha kuona na kushika, mwache aulize mwenyewe, ndipo umjibu.

Lakini iko aya moja katika sura hiyo tunayoipita mbio kila mara, nayo ni aya ya 9. Humo twasoma kwamba Yoshua alisimamisha mawe mengine 12 katikati ya mto wenyewe, mahali pale pale miguu ya makuhani iliposimama. Makuhani wakatoka, maji yakarudi mahali pake, na mawe yale yakafunikwa. Basi kulikuwa na marundo mawili ya mawe. Moja lilikuwa nchi kavu, na kila mpita njia aliliona. La pili lilikuwa chini ya maji. Hilo Mungu aliliona, na wale waliokuwapo siku ile walijua kwamba lipo.

Tungependa tuyatafakari marundo hayo mawili pamoja, kwa sababu tumeyaona kwa macho yetu wenyewe katika nchi ya mbali.

Mungu alitujalia, sisi na mama wa nyumbani kwetu, kwenda Kanada kuwatembelea watoto wetu wanaofanya kazi huko. Katika mji mkuu wao, Ottawa, watu hupenda kuwapeleka wageni kwenye majumba mawili ya makumbusho. Jumba la Historia liko ng'ambo ya mto, upande wa Gatineau, mkabala na Bunge. Jumba la Vita, lililofunguliwa mwaka 2005, liko upande wa Ottawa, karibu na mto huo huo. Tulitembea humo siku mbili, tukisoma kila kibao kama ilivyo desturi ya walimu, hata vijana wetu wakachoka kutungoja. Tulichokitafuta hasa ni habari za miaka 20 ya kwanza ya karne ya 20, jinsi watu walivyoishi na jinsi walivyopigana, maana hiyo ndiyo miaka ya babu zetu pia, na vita ile iliwafikia na wao.

MAWE YANAYOONEKANA

Mwanzoni mwa karne ile Kanada ilikuwa nchi kubwa yenye watu wachache. Serikali yao ilitangaza huko Ulaya kwamba mtu akilipa ada ya dola 10 tu ataandikiwa ekari 160 za ardhi katika mbuga za magharibi, mradi alime, ajenge na akae hapo. Watu walikuja kwa wingi. Mwaka 1913 peke yake waliingia zaidi ya watu 400,000. Miti ilikuwa haba katika mbuga zile, kwa hiyo wengi walikata vipande vya ardhi pamoja na majani yake, wakavipanga kama matofali, wakapata nyumba. Humo walipitisha miezi ya theluji ambayo sisi tuliozaliwa katika jua hatuwezi hata kuiwazia. Mama aliweza kujifungua katika kibanda kama hicho, na jirani wa karibu yuko mwendo wa saa nzima. Tulizisoma habari hizo kwa heshima, tukamkumbuka Ibrahimu, aliyeondoka kwao bila kujua aendako.

Kisha ikaja vita. Mwezi Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani, na Kanada, kwa kuwa ilikuwa chini ya Mfalme yule yule, ikaingia pamoja nayo. Nchi yenye watu karibu milioni 8 iliandikisha askari zaidi ya 600,000, na zaidi ya 60,000 hawakurudi nyumbani.

Mtu aweza kuisoma hesabu hiyo asihisi kitu. Lakini kuna kitu kimoja katika Jumba la Vita kisichopitika hivi hivi, nacho ni mwanasesere wa dubu, mdogo wa kutosha kuingia mfukoni. Msichana wa miaka 10, wa jimbo la Quebec, alimpelekea baba yake vitani ili kimlinde. Baba yule alikuwa mtu wa kuhudumia majeruhi. Aliuawa huko Passchendaele, nchini Ubelgiji, mwezi Oktoba 1917, akiwa nacho, nacho kikarudishwa kwa wenyewe. Mbele ya kitu hicho tuliwaona watu wazima, wanaume kwa wanawake, wamenyamaza kimya.

Siku ambayo Wakanada huitaja kuliko zote za vita ile ni tarehe 9 Aprili 1917, nayo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Alfajiri, katika upepo wa theluji na mvua, divisheni zote 4 za Kanada zilishambulia pamoja kwa mara ya kwanza, zikapanda kilima cha Vimy kaskazini mwa Ufaransa. Sisi kama walimu tulivutwa na jambo moja. Kabla ya siku ile askari walifundishwa kwa majuma mengi katika uwanja uliowekewa alama mfano wa ngome za adui, na ramani 40,000 ziligawiwa, hata kwa askari wa chini kabisa, ili afisa akianguka kila mtu aijue njia yake. Kilima kilitwaliwa kwa siku 4. Wakanada 3,598 walikufa, na zaidi ya 7,000 walijeruhiwa. Juu ya kilima hicho leo pana mnara mkubwa wa mawe meupe, uliozinduliwa mwaka 1936. Juu yake yamechongwa majina 11,285 ya Wakanada waliofia Ufaransa na ambao makaburi yao hayajulikani.

Fikirini, ndugu. Jana yake Kanisa lilikuwa limeimba kwamba Kristo amefufuka, na kesho yake vijana wa mataifa yaliyobatizwa, upande huu na upande huu, wakauana matopeni.

Pamoja na majeshi hayo walikuwapo makasisi wa Kanisa letu. Mmoja wao alikuwa Kanoni Frederick George Scott, kasisi Mwanglikana kutoka mji wa Quebec, aliyekuwa amepita umri wa miaka 50 alipojitolea kwenda. Mwezi Oktoba 1916 mwanawe Henry aliuawa katika mapigano ya Somme, na mwili wake ukabaki huko mstari wa mbele. Kanoni hakuridhika kuletewa habari tu. Alikwenda mwenyewe mahali pale penye hatari, wakachimba, mpaka ukaonekana mkono wenye pete aliyoijua. Akasoma sala za maziko juu ya mtoto wake mwenyewe. Kisha akarudi kuwahudumia watoto wa watu wengine, mpaka naye akajeruhiwa mwaka 1918. Baba huyu alitufundisha maana ya neno kumbuka. Katika maelfu yale ya maiti alimtafuta mmoja, kwa jina, wala hakuchoka mpaka amempata.

Tena katika Jumba la Vita kuna chumba kitupu kilichojengwa kwa ajili ya jiwe moja tu. Jiwe hilo lilikuwa juu ya kaburi la askari asiyejulikana huko Ufaransa. Mwaka 2000 mabaki yake yaliletwa Ottawa yakazikwa kwa heshima, na jiwe likawekwa katika chumba hicho. Dirisha ni moja, nalo limepimwa kwa ustadi hata kila mwaka tarehe 11 Novemba, saa 5 kamili ya asubuhi, saa ambayo mizinga ilinyamaza mwaka 1918, mwanga wa jua huingia na kuanguka juu ya jiwe lile.

Hayo, wapendwa, ndiyo mawe ya Gilgali ya taifa lile. Yako nchi kavu, na kila mtoto anayauliza.

MAWE YALIYOFUNIKWA

Kama makumbusho yale yangeishia hapo, tungetoka tumeridhika, tukisifu ushujaa wa watu wale, wala tusingekuwa na neno la kuwaandikia. Lakini hayakuishia hapo. Katika vyumba vile vile, karibu na nishani na bendera, wamepandisha pia mawe yao yaliyokuwa chini ya maji, wakayaweka mahali penye mwanga.

Jiwe la kwanza ni ardhi yenyewe. Zile ekari 160 zilikuwa na wenyewe. Walikuwa wenyeji wa asili, waliowinda na kuishi katika mbuga zile tangu zamani za kale, na ambao walikuwa wamesukumwa kukaa katika vipande vidogo walivyotengewa. Tena, wakati mkulima wa Ulaya aliandikiwa shamba kwa dola 10, Mchina alidaiwa kodi ya dola 500 kwa kuingia tu nchini, kuanzia mwaka 1903, ingawa Wachina kwa maelfu ndio walioitoboa milima kwa ajili ya reli ya nchi ile.

Jiwe la pili ni wale walioalikwa kisha wakafungwa. Miongoni mwa waliokuja kulima walikuwamo Waukraine wengi, waliotoka sehemu zilizotawaliwa na Austria. Vita ilipoanza waliitwa adui. Watu 8,579 waliwekwa katika kambi 24, wengi wao Waukraine ambao kosa lao lilikuwa hati walizokuja nazo, na kambi ya mwisho haikufungwa mpaka mwaka 1920, vita ikiwa imekwisha zaidi ya mwaka mzima.

Jiwe la tatu ni wale waliotaka kuitumikia nchi yao wakakataliwa. Vijana weusi wa Kanada walikwenda kujiandikisha wakaambiwa kwamba vita hii ni ya wazungu. Walipozidi kuomba, mwezi Julai 1916 kikaundwa kikosi chao cha ujenzi, wakapelekwa Ufaransa kukata magogo na kutengeneza njia. Kasisi wao, William White wa Kanisa la Baptisti, alikuwa mwana wa wazazi waliokuwa watumwa huko Marekani. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi kwa kikosi hicho tarehe 9 Julai 2022. Walioombwa radhi wote walikuwa makaburini.

Yuko pia Francis Pegahmagabow, mwenyeji wa asili wa kabila la Waojibwe, mpiga shabaha hodari aliyetunukiwa nishani moja ya ushujaa mara 3. Alirudi kwao akakuta hana hata haki ya kupiga kura kuichagua serikali aliyoipigania. Watu wake hawakupewa kura ya Bunge bila masharti mpaka mwaka 1960, naye alikuwa amekwisha kufa.

Ndugu, jiwe la nne ndilo zito kuliko yote kwetu sisi walimu, na kwetu sisi Waanglikana. Ni shule.

Tangu karne ya 19 serikali ya Kanada ilishirikiana na Makanisa kuwakusanya watoto wa wenyeji wa asili katika shule za bweni, mbali na wazazi wao. Mwaka 1920 ikawa sheria, hata mzazi hakuweza kukataa. Kwa miaka yote ya shule hizo, na ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 walipita humo. Wakatoliki walikuwa na shule nyingi zaidi, na Kanisa letu la Anglikana liliendesha zaidi ya 30. Mtoto alinyolewa nywele, akavuliwa nguo za kwao, na aliadhibiwa akisikika anasema lugha ya mama yake. Wako waliopigwa, wako walioharibiwa miili yao na watu waliopaswa kuwa baba na mama kwao, na wako waliokufa.

Wala isisemwe kwamba hakuna aliyejua. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, alizikagua shule 35 katika mbuga za magharibi. Alikuta mabweni yaliyosongamana yasiyo na hewa, na kifua kikuu kikipita kitanda hadi kitanda. Alipouliza habari za wanafunzi waliopita katika shule zile, walimu wa shule 15 wakamjibu, aliona kwamba karibu robo ya watoto hao walikuwa wamekwisha kufa. Akaandika taarifa, akapendekeza njia za kuponya. Taarifa ikawekwa kando. Mwaka 1922, alipokuwa amestaafu, aliitoa habari yote katika kijitabu kwa watu wote, na bado wengi hawakusikia. Katika miaka ile ile ambayo taifa lilikuwa likichonga majina 11,285 juu ya mawe meupe huko Vimy, watoto hawa walikuwa wakizikwa nyuma ya shule, wengine bila hata kibao.

Tuliyafikiria sana mambo haya, maana walimu wale hawakuwa watu wa kigeni kwetu. Wengi walikwenda na Biblia na Kitabu cha Sala. Waliimba nyimbo zetu za Ukristo na kufundisha katekisimo yetu. Walidhani kwamba kumtenga mtoto na mama yake ni kumfanyia wema. Basi nia njema peke yake haimwokoi mwalimu. Mwalimu asiyemwuliza mzazi, asiyemsikiliza mtoto, na asiyesoma taarifa ya daktari kwa kuwa inamhuzunisha, aweza kufanya maovu makubwa huku anaimba zaburi. Bwana wetu aliposema habari za jiwe la kusagia shingoni mwa mtu awakoseshaye wadogo, alikuwa akisema na wanafunzi wake mwenyewe.

Yako basi mambo mawili yaliyotutia moyo.

La kwanza ni kwamba Kanisa lilifungua kinywa. Tarehe 6 Agosti 1993, mahali paitwapo Minaki, mbele ya mkutano wa Waanglikana wenyeji wa asili, Askofu Mkuu Michael Peers wa Kanisa la Anglikana la Kanada alisimama akaungama waziwazi kwamba Kanisa lake lilikuwa sehemu ya mfumo ule, kwamba lilijaribu kuwageuza wale ndugu wawe mfano wa wazungu, na kwamba anajuta. Kesho yake wazee waliipokea toba yake. Wala haikuwa maneno matupu, maana toba ya kweli ina gharama, kama Zakayo alivyojua alipofungua mkoba wake. Dayosisi moja ya magharibi, Cariboo, ilifunga kazi zake mwaka 2001 kwa sababu ya madai yaliyotokana na shule yake moja, na mwaka 2003 Kanisa lilikubali kutoa hadi dola milioni 25 za kuwalipa waliodhulumiwa. Tena, tarehe 30 Septemba 2019, katika Jumba lile lile la Historia tulilolitembelea, kilikunjuliwa kitambaa chekundu chenye urefu wa mita 50. Juu yake yaliandikwa majina 2,800 ya watoto waliofia katika shule hizo. Mawe yametoka majini, na kila moja lina jina.

La pili ni habari za mjenzi. Msanifu mkuu wa Jumba la Vita alikuwa Raymond Moriyama, aliyefariki mwaka 2023. Yeye ni mtoto wa Wajapani aliyezaliwa Kanada. Katika Vita Kuu ya Pili serikali yake mwenyewe ilimchukua, akiwa mtoto, ikamweka kambini milimani pamoja na maelfu ya watu wa asili yake. Huko kambini alijijengea kibanda juu ya mti, na ndicho kilichokuwa jengo lake la kwanza. Mtoto aliyefungwa kwa sababu ya vita ndiye aliyepewa, uzeeni, kulijengea taifa nyumba ya kukumbukia vita. Twajua sote zaburi inayosema habari za jiwe lililokataliwa na waashi.

MAWE YETU WENYEWE

Pengine msomaji atauliza, haya ya Kanada yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, vita ile ilikuwa moja. Ilipiganwa Ufaransa, ikapiganwa pia katika nchi yetu, kutoka Tanga hadi Rufiji na kusini mpaka mtoni Ruvuma. Huku kwetu hapakuwa na magari ya kutosha wala barabara, na wanyama walikufa kwa mbung'o, basi mizigo ya majeshi ilibebwa na vichwa vya watu. Waingereza waliwaita wapagazi hao kwa jina la kikosi chao, Carrier Corps, na vinywa vya watu wetu vikaligeuza kuwa Kariakoo. Kila siku maelfu hununua ndizi na vitenge mahali penye jina hilo Dar es Salaam, wasijue kwamba wanakanyaga kumbukumbu. Kanisa letu nalo lilikuwamo, maana mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwaongoza wapagazi yeye mwenyewe, akitembea pamoja nao.

Wengi wa wapagazi wale walikufa kwa homa, kuhara na njaa. Majina yao yako wapi? Tume ile ile ya Dola ya Uingereza iliyosimamia makaburi ya askari Wakanada huko Ulaya, ikampa kila mtu jiwe lake au jina lake ukutani, huku kwetu iliona sanamu yatosha. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilisimamishwa mwaka 1927, nzuri sana, bila majina ya wapagazi. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, nayo ikaomba radhi. Hao nao ni mawe chini ya maji, na baadhi yao ni babu za watu wanaosoma ukurasa huu.

Kwa hiyo twaomba jambo moja jepesi kwa mtaa wetu. Kabla ya Sikukuu ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, kila nyumba imwulize mzee aliyebaki: ni nani wa ukoo wetu aliyechukuliwa kubeba mizigo wala hakurudi? Aliitwa nani? Alikuwa mtoto wa nani? Vijana wenye mwandiko mzuri waandike katika daftari, daftari liletwe kwa kasisi, na majina yasomwe kwa sauti kwenye Ushirika Mtakatifu. Wazee wanaojua majina hayo ni wachache, na kila mwaka tunawazika.

Pili, liko jambo gumu zaidi. Ni rahisi kuwasema Waingereza na Wakanada. Lakini kila nyumba ina mto wake, na chini ya mto ule kuna mawe yanayojulikana na waliokuwapo. Yuko mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji kabla ya siku 40 za msiba kwisha. Yuko binti aliyeachishwa shule kwa ajili ya mimba, na mwanamume aliyehusika akaendelea kukaa kiti cha mbele kanisani. Yuko mtoto yatima aliyechukuliwa eti asome, akawa mtumishi wa jikoni mpaka akazeeka. Hatutaji jina la mtu hapa. Wanaohusika wanajijua, na waliodhulumiwa hawajasahau. Maji yamefunika, watu wanapita juu kwa mashua, nasi husema kwamba ni amani. Siyo amani hiyo. Nabii Yeremia aliwakemea waliotangaza amani mahali pasipokuwa na amani, na kidonda cha watu wake kikawa kimefunikwa juu juu tu.

Kanada hawajamaliza kazi hii. Kuna wenyeji wa asili ambao hata leo hawana imani na Kanisa, wala hatuwezi kuwalaumu. Lakini wameanza mahali pa kuanzia. Wameacha kuwaonyesha watoto wao rundo moja tu la mawe. Mtoto wa shule anayeingia jumba lile anaonyeshwa shujaa wa Vimy, kisha anaonyeshwa shule ile ya bweni, na mwalimu wake hamfumbi macho. Hatukuona kwamba mtoto huyo ameacha kuipenda nchi yake kwa hilo. Upendo unaotegemea uongo huvunjika siku ukweli unapojulikana. Upendo uliokwisha kuona kila kitu, ukatubu, ndio udumuo.

Wapendwa, sisi ni watu wa kumbukumbu. Kila Jumapili tunakwenda mezani pa Bwana kwa kuwa alituamuru tumkumbuke, na tunayemkumbuka ni mtu aliyeuawa kwa hukumu ya uongo, akazikwa katika kaburi la kuazima, na jiwe likavingirishwa na kutiwa muhuri ili habari zake ziishe. Mungu akaliondoa jiwe. Mchungaji huyu awaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, yule wa Vimy na yule wa shule ya bweni, na mpagazi aliyeanguka njiani Rufiji na mzigo wake kichwani. Kwake hakuna kaburi la mtu asiyejulikana. Nasi tukienda mezani pake tumeacha ndugu yetu chini ya maji, yatupasa tuiache sadaka yetu madhabahuni, tutoke kwanza, tukamtafute.

Tuombe.

Ee Mungu, mwenye kuyajua majina ya wafu wote, tupe macho ya kuyaona mawe tuliyoyaficha, na mikono ya kuyatoa majini. Wape pumziko la milele wale waliokufa pasipo kutajwa. Wape watoto wetu ujasiri wa kuuliza, na sisi wazee utupe moyo wa kujibu kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.